Msafara wa Ndege Angani: Methali, Hesabu na Mapigo ya Moyo

Jua linapokaribia kuchwa, yangeyange waliokuwa wakifuata ng'ombe malishoni hurudi kwenye miti wanakolala. Huja makundi kwa makundi, na mara nyingi kundi huwa limejipanga kwa mstari wa mshazari au kwa umbo linalokaribia herufi V. Katika maziwa ya Bonde la Ufa, mwari na heroe hufanya vivyo hivyo kwa namna inayovutia macho zaidi. Huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini, bata bukini wanaohama kila mwaka wamelifanya umbo hilo kuwa ishara ya kubadilika kwa majira. Mwanafunzi akiuliza sababu ya mpango huo, aghalabu hujibiwa kwa sentensi moja: ndege hao humfuata kiongozi wao, maadamu umoja ni nguvu. Siku hizi jibu hilo huongezewa tarakimu, hasa katika semina na mahubiri juu ya uongozi: husemwa kwamba ndege waliojipanga hivyo hufaidika kwa asilimia 71 kuliko ndege anayeruka peke yake.

Jibu hilo lina methali nzuri, na tarakimu iliyomo haikubuniwa na mtu wa mtaani. Hata hivyo halifai kufundishwa lilivyo. Methali imekalishwa mahali pa ushahidi, na tarakimu imetengwa na swali iliyokusudiwa kulijibu. Mwanafunzi anayelipokea jibu la namna hiyo hujifunza habari moja juu ya ndege, na papo hapo hujifunza desturi mbaya juu ya sayansi, yaani kwamba jambo likishapambwa kwa tarakimu halihitaji kuulizwa zaidi. Hasara ya pili ni kubwa kuliko faida ya kwanza.

Hewa iliyo nyuma ya bawa

Yafaa kuanza na hewa yenyewe, kwa kuwa sehemu hii ya elimu ni imara na yaweza kufundishwa bila wasiwasi. Bawa humbeba ndege kwa sababu hewa iliyo chini yake ina kanieneo kubwa kuliko hewa iliyo juu yake. Tofauti hiyo ndiyo inayomwinua ndege, lakini pia ndiyo inayomtoza ushuru. Kwenye ncha ya bawa hapana ukuta wa kuzitenga hewa hizo mbili; kwa hiyo hewa ya chini huponyoka, ikapinda kuizunguka ncha na kuelekea juu. Ndege anaposonga mbele, mzunguko huo hubaki nyuma yake mithili ya kisulisuli kilicholala ubavu, kimoja kwa kila bawa. Katikati ya visulisuli hivyo viwili, yaani nyuma ya mgongo wa ndege, hewa hushuka. Upande wa nje wa kila kisulisuli, hewa hupanda.

Basi ndege anayefuata yu mbele ya uchaguzi. Akikaa nyuma kabisa ya mwenzake, huingia katika hewa inayoshuka na kulazimika kujitahidi zaidi ili asipoteze kimo. Akisogea kando kidogo, hata ncha ya bawa lake ikawa karibu na njia iliyopitwa na ncha ya bawa la mwenzake, huikuta hewa inayopanda, nayo humsaidia kubeba uzito wake. Nguvu ambayo ndege wa mbele ameimwaga angani bila kukusudia huokotwa na wa nyuma. Mwingine naye akijipanga vivyo hivyo nyuma ya huyu wa pili, mstari wa mshazari huzaliwa. Na ikiwa ndege wamejipanga pande zote mbili, umbo la herufi V huonekana.

Maelezo hayo yalitolewa kwa njia ya hesabu na Carl Wieselsberger, mtaalamu wa Kijerumani wa elimu ya mwendo wa hewa, mwaka 1914. Ni vema mwanafunzi autie mwaka huo moyoni, kwa sababu ilipita zaidi ya miaka 80 kabla ya mtu yeyote kuupima mwili wa ndege akiwa safarini na kuona kama hesabu hiyo ni ya kweli. Kati ya fikira nzuri na ushahidi wa kuridhisha, mara nyingi huwapo umri wa mtu mzima.

Asilimia 71 na chimbuko lake

Tarakimu inayotajwa katika semina ilitokea mwaka 1970, wakati Peter Lissaman na Carl Shollenberger walipotangaza hesabu zao katika jarida la Science. Waliwaza kundi la ndege 25 waliojipanga ipasavyo, wakaichukulia hewa kuwa tulivu na mabawa kuwa yamenyooka kama ya eropleni, kisha wakakokotoa. Jawabu lilikuwa kwamba kundi la namna hiyo lingeweza kwenda umbali uliozidi kwa asilimia 71 ule wa ndege aliye peke yake, kwa akiba ile ile ya nguvu.

Kazi yao ilikuwa njema, nao hawakudai kuwa wamempima ndege yeyote. Lawama ni ya wale waliokuja baadaye, wakayaacha masharti njiani na kuibeba tarakimu peke yake. Asilimia 71 ilihusu umbali. Wengine wameifanya kuwa ya mwendo, na wengine kuwa ya nguvu inayookolewa. Hapo mwalimu wa hesabu anayo nafasi ya kumsaidia mwenzake wa elimuviumbe. Ndege mwenye akiba ya kumfikisha kilomita 1,000, akiongezewa umbali kwa asilimia 71, atafika kilomita 1,710. Maana yake ni kwamba kila kilomita sasa inamgharimu asilimia 58 hivi ya gharama ya kwanza. Akiba yake ya nguvu ni asilimia 42, wala si 71. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kulithibitisha jambo hilo kwa kalamu na karatasi, na akishafanya hivyo hatadanganyika tena kwa urahisi.

Picha za bata bukini na moyo wa mwari

Hesabu ni jambo moja, na mwenendo wa ndege ni jambo la pili. Mwaka 1994, wachunguzi wawili, Cutts na Speakman, walitangaza matokeo ya kazi iliyofanywa kwa kamera. Walikuwa wamepiga picha makundi 54 ya bata bukini wenye miguu ya waridi, wakiwa chini yao kabisa ili picha isipotoshe nafasi baina ya ndege na ndege. Walipopima walikuta kwamba bata wengi hawakuwa mahali ambapo hesabu iliwataka wawe. Walitangatanga huku na huku, na kwa sababu hiyo nguvu waliyoweza kuiokoa ilikadiriwa kuwa asilimia 2.4 tu ya gharama yote ya kuruka.

Wapo watakaoidharau tarakimu hiyo. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Kwa ndege wetu wa kilomita 1,000, asilimia 2.4 ni kilomita 25 hivi za ziada. Bata hao huzaliana huko Iceland na Greenland, kisha huvuka mamia ya kilomita za bahari kwenda Uingereza wakati wa baridi. Kwa ndege aliyechoka na ambaye mafuta ya mwili wake yanakwisha, kilomita 25 zaweza kuwa tofauti kati ya kukanyaga ufuko na kuangukia majini.

Mwaka 2001 ndipo ulipokuja ushahidi uliotoka mwilini mwa ndege mwenyewe, nao ulitoka Afrika. Henri Weimerskirch na wenzake walifanya kazi nchini Senegal na mwari weupe waliofunzwa kuifuata mashua ya injini na eropleni ndogo. Ndege hao walibebeshwa vyombo vya kuhesabu mapigo ya moyo. Ilionekana kwamba mwari aliyekuwa katika msafara alikuwa na mapigo machache ya moyo kuliko aliyeruka peke yake, tena alipiga mabawa mara chache na kunyiririka zaidi bila kuyapiga. Akiba ya nguvu ilikadiriwa kuwa kati ya asilimia 11 na 14. Akiba ya asilimia 14 ingempeleka ndege wetu wa mfano hadi kilomita 1,163 hivi.

Hivyo basi zipo tarakimu tatu: kilomita 1,710 za hesabu, 1,163 za moyo wa mwari, na 1,025 za picha za bata. Mwalimu atakayeandika moja tu ubaoni amelificha somo lenyewe. Atakayeandika zote tatu, kisha akawauliza wanafunzi kwa nini zinatofautiana, amewafundisha sayansi. Ya kwanza ni ya ndege wa kufikirika katika hewa isiyo na upepo. Ya pili ni ya ndege halisi wa aina moja, waliopimwa kwa mapigo ya moyo. Ya tatu ni ya ndege wa aina nyingine, ambao nguvu yao ilikadiriwa kutokana na mahali walipokuwa angani. Hapana mwongo miongoni mwa watafiti hao. Kila kundi lilijibu swali lake.

Kwarara wapokezanao

Juu ya kiongozi napo yako mengi ya kusema. Yule kwarara wa kaskazini mwenye kichwa cha upara alitoweka Ulaya ya kati katika karne ya 17, na katika miaka ya karibuni wataalamu wamekuwa wakijitahidi kumrudisha. Makinda hulelewa na watu, kisha hufundishwa njia ya kuhama kwa kuifuata eropleni ndogo nyepesi, ambayo hapo awali iliwaongoza kutoka Austria hadi Italia. Kazi hiyo ya kuhifadhi ilifungua mlango wa utafiti, kwa kuwa ndege wanaorudi kwa mlezi wao waweza kufungwa vyombo na kuvuliwa tena.

Mwaka 2014 Steven Portugal na wenzake walitangaza waliyoyaona katika safari ya kwarara wachanga 14 waliobeba vyombo vilivyoandika mahali pa kila ndege na kila pigo la bawa. Ndege hao kwa wastani walikaa pale pale ambapo elimu ya mwendo wa hewa iliwatarajia. Zaidi ya hayo, ndege aliyefuata kwa kando alilipiga bawa lake kwa namna ambayo ncha yake ilipita katika njia ile ile ya mawimbi iliyopitwa na ncha ya bawa la mwenziwe. Alipojikuta nyuma kabisa ya mwenziwe, aliugeuza mpigo, akapunguza madhara ya hewa inayoshuka. Jambo hilo halikuwamo katika hesabu za mwaka 1970, ambazo mabawa yake hayakupigwa. Ndege aligunduliwa kuwa fundi kuliko kielelezo chake.

Mwaka uliofuata, Bernhard Voelkl na wenzake walizichambua kumbukumbu za kwarara hao ili kujua nani alitangulia na nani alifuata. Hakuonekana mfalme wala jemadari. Kwa wastani kila ndege alitumia asilimia 32 ya wakati wake akifaidi hewa ya mwenziwe, na muda ambao kila mmoja aliongoza ulilingana na muda aliofuata. Walipokezana wawili wawili, mara kwa mara na kwa vipindi vifupi: huyu akitangulia sasa, punde yule hushika zamu.

Hapa anayeipenda methali ya umoja atafurahi, na anayo haki ya kufurahi, mradi akumbuke mipaka ya ushahidi. Hao walikuwa ndege 14, wote wachanga, waliolelewa na binadamu. Matokeo hayo yanaonyesha kwamba kupokezana kwa haki kunawezekana miongoni mwa ndege wasiopata amri kutoka kwa yeyote. Hayathibitishi kwamba bata bukini wa Kanada au mwari wa Ziwa Rukwa hufanya hivyo. Kadhalika hayamfunzi mtu namna ya kuendesha ofisi. Maadili ya binadamu yana misingi yake, na hayapati nguvu zaidi kwa kuazima manyoya.

Njiwa na kweleakwelea

Iwapo umoja peke yake ungekuwa ndio sababu, kila ndege anayeruka kundini angeokoa nguvu. Mwaka 2011 James Usherwood na wenzake walionyesha kinyume chake kwa njiwa. Njiwa hawajipangi kwa mstari, huruka wamesongamana. Vyombo walivyobebeshwa vilionyesha kwamba njiwa aliyekuwa karibu sana na wenzake alipiga mabawa haraka zaidi, yaani alitumia nguvu nyingi kuliko alipokuwa na nafasi. Kwake kundi lilikuwa gharama. Bila shaka analipwa kwa njia nyingine, kama vile usalama mbele ya kipanga au msaada wa kuijua njia, lakini malipo hayo hayatoki katika kisulisuli cha bawa.

Mkulima wa Dodoma au wa Mwea anaufahamu mfano ulio karibu zaidi. Kweleakwelea wanaovamia mtama na mpunga huja kama wingu la moshi linalojikunja na kujikunjua; hawaji kwa herufi V. Ndege wadogo hupiga mabawa kwa kasi, na hewa wanayoiacha nyuma ni ya vurugu, ngumu kufuatwa. Ndiyo maana umbo la V ni desturi ya ndege wakubwa wenye mabawa marefu na mpigo wa taratibu, kama vile mwari, kwarara, bata bukini, heroe na mnandi.

Hata kwa ndege wakubwa, wapo wataalamu ambao tangu miaka ya 1970 wamesisitiza faida nyingine ya mpango huo. Macho ya ndege yako kando ya kichwa. Akiruka kwa mshazari humwona mwenziwe vizuri bila kugeuka, wala hawagongani. Fikira hiyo haikupinduliwa na mapigo ya moyo wa mwari. Yawezekana kabisa umbo moja likatimiza haja mbili, nayo si ajabu katika maumbile: manyoya yayo hayo humpa ndege joto na humrusha.

Faida kwa binadamu, na wajibu wa shule

Elimu hii haikubaki kwa ndege. Mwezi Novemba mwaka 2021 kampuni ya Airbus ilirusha eropleni mbili kubwa za abiria, zikiwa za majaribio, kutoka Toulouse, Ufaransa, hadi Montréal, Kanada. Ya nyuma iliifuata ya mbele kwa umbali wa kilomita tatu hivi, ikijiweka katika hewa inayopanda. Ilitangazwa kwamba zaidi ya tani 6 za hewa ya ukaa ziliepukwa katika safari hiyo moja. Jambo alilolikokotoa Wieselsberger mwaka 1914 na ambalo bata bukini walilitenda kabla ya kuwapo mtu wa kukokotoa, sasa linahesabiwa kwa mapipa ya mafuta.

Wasemao kwamba shule za Afrika Mashariki hazina vifaa vya kushiriki katika elimu ya namna hii wanasema kweli nusu. Vyombo vya kuandika mapigo ya moyo wa ndege havipatikani katika maabara ya shule. Lakini Cutts na Speakman walihitaji kamera na subira, na uchunguzi mwingine hauhitaji hata kamera. Penye miti hapana wajenzi: wanafunzi wa Nakuru, Elmenteita, Mwanza na Sumbawanga hupitwa na misafara ya ndege juu ya vichwa vyao, huku wakikariri katika daftari habari za bata bukini wa nchi za mbali.

Darasa laweza kutoka nje nusu saa kabla ya magharibi kwa muda wa wiki nne. Mwanafunzi mmoja hulala chali akitazama juu, wa pili huandika, wa tatu hushika saa. Huandikwa idadi ya ndege katika kila kundi, aina yao ikiwa inajulikana, umbo la kundi, upande wenye mkono mrefu zaidi wa V, mwelekeo wa upepo, na mara ngapi ndege wa mbele alibadilishwa kabla ya kundi kutoweka machoni. Makundi mia moja yakishaandikwa, maswali yatakuja yenyewe. Je, makundi madogo hujipanga kama makubwa? Je, upepo wa ubavuni huurefusha mkono mmoja wa V? Je, yangeyange hubadilishana zamu ya mbele? Mwalimu ambaye hajui jawabu asione aibu. Kutojua kwake ndiko kunakolifanya zoezi liwe la kweli, kwa kuwa wanafunzi watakuwa hawatafuti jawabu lililofichwa katika kitabu cha mwalimu.

Huenda ikadaiwa kwamba hadithi ya kiongozi na asilimia 71 huwavutia vijana, na kwamba mambo mengi ya ziada yatawachosha. Dai hilo linawadharau vijana. Habari ya watu waliouhesabu moyo wa mwari akiwa angani, na ya makinda wasio na wazazi wa kuwaonyesha njia lakini wakaweza kulinganisha mapigo ya mabawa yao, inavutia kuliko methali yoyote. Tena ina faida ambayo methali haina: mwanafunzi akiisikia hujua kwamba bado iko kazi ya kufanya.

Jioni ya leo misafara itapita tena juu ya viwanja vya shule. Ndege wa mbele ataikata hewa na wa nyuma ataiokota, kwa kiasi ambacho kwa aina nyingi za ndege wa Afrika Mashariki hakijapimwa. Kilichobaki ni mwalimu kuwatoa wanafunzi nje, na kuwaambia wabebe kalamu.